Usijenge Mnara Ukiwa Huna Mpangaji

Tangu kampuni ya IHS ilipotangaza mwaka 2025 kwamba inauza biashara yake ya minara ya simu nchini Rwanda kwa Paradigm Tower Ventures, kwa thamani ya dola milioni 274.5, kuna hesabu inayozungushwa sana na watu wanaotafuta pa kuweka akiba zao. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu. Minara ilikuwa zaidi ya 1,400, kwa hiyo mmoja umekwenda kwa karibu dola 190,000. Wengine wanarudi nyuma hadi mauzo ya Airtel Tanzania, yaliyotangazwa 2021 na kukamilika mwanzoni mwa 2022: minara kama 1,400, dola kama milioni 175, yaani dola 125,000 kwa mnara. Kisha linatolewa hitimisho kwamba chuma, zege, uzio na ujira wa mafundi havifiki huko hata kidogo, basi mwenye kiwanja kilimani akijenga mnara wake mwenyewe na kuupangisha kwa kampuni za simu, uzeeni hana wasiwasi.

Hesabu hiyo imesomwa kichwa chini miguu juu. Walionunua minara ya Airtel hawakununua chuma. Walinunua mkataba wa muda mrefu unaosema Airtel itaendelea kubaki juu ya minara ileile na kulipa pango mwaka hadi mwaka, pamoja na nafasi ya kuwapandisha wengine. Mnara usio na mkataba wa namna hiyo haufiki dola 125,000, na pengine haufiki hata gharama ya kuung'oa. Mtu binafsi mwenye ardhi mahali pazuri anayo nafasi ya kweli katika biashara hii, ila nafasi hiyo iko chini ya mnara, kwenye udongo. Anayekimbilia kumiliki chuma anaruka sehemu iliyo salama na kwenda kukaa penye hatari yote.

Tuanze na namna tulivyofika hapa. Simu za mkononi zilipoanza kushika kasi Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kila kampuni ilijenga minara yake na kuilinda kama siri ya vita, kwa sababu mtandao mpana ndio uliokuwa silaha ya kumnyang'anya mwenzako wateja. Ndiyo maana kuna vilima ambako hadi leo utakuta minara mitatu imesimama bega kwa bega, kila mmoja na uzio wake, jenereta yake na mlinzi wake. Baadaye silaha hiyo ikawa mzigo. Dizeli ilipanda bei, betri zikawa zinaibwa, na fedha zilihitajika kwa ajili ya masafa ya mawimbi na vifaa vya kizazi kipya. Tigo ilianza kuuza minara yake kwa Helios Towers, Vodacom ikafuata mwaka 2013 kwa kuuza minara 1,149, na Airtel ikafunga safu. Aliyeuza aligeuka mpangaji siku hiyohiyo. Halotel, iliyoingia sokoni 2015, ilikuja na njia tofauti ya kujijengea mtandao wake yenyewe. Leo Helios ina zaidi ya minara 14,000 katika nchi tisa, kuanzia Tanzania na Kongo hadi Oman, na kwa wastani kila mnara wake una wapangaji wawili.

Wastani huo wa wapangaji wawili ndio moyo wa biashara nzima. American Tower, moja ya kampuni kubwa kabisa za minara duniani, imekuwa ikiwaonyesha wawekezaji wake hesabu ya mfano ya mnara mmoja wa Marekani. Kuujenga ni dola 275,000. Ukiwa na mpangaji mmoja, unaingiza dola 20,000 kwa mwaka, uendeshaji unakula 12,000, zinabaki 8,000: faida ya asilimia 3 ya mtaji. Akipanda mpangaji wa pili, mapato yanafika 50,000 huku gharama zikiongezeka kwa dola 1,000 tu, na faida inaruka hadi asilimia 13. Wa tatu anaipeleka hadi asilimia 24. Tazama asilimia 3 ile kwa utulivu. Hata ukiondoa tofauti ya sarafu, mtu aliyeipa Serikali fedha zake kupitia hati fungani ya muda mrefu ya Benki Kuu anapata zaidi ya hapo mara kadhaa, tena amelala. Mpangaji wa kwanza analipia mnara kusimama. Faida inaletwa na wa pili, na huyo huna uwezo wa kumlazimisha aje.

Watu wanasema mnara ni kama nyumba ya kupanga. Nyumba ya kupanga Tabata au Mbezi mpangaji akihama Jumamosi, kufikia katikati ya wiki inayofuata dalali ameshaleta wengine watatu kuangalia chumba. Mnara una wapangaji watano nchi nzima: Vodacom, Yas, Airtel, Halotel na TTCL. Mmoja wao anapenda kujijengea mwenyewe, na watatu wameshafungwa kwa mikataba mirefu na kampuni walizoziuzia minara. Idadi hiyo nayo huwa inapungua. Zantel ilikuwa mpangaji anayejitegemea, kisha ikamezwa na Tigo ambayo sasa ndiyo Yas. Mahali ambapo Tigo na Zantel zilikuwa zimekaa kwenye mnara mmoja, mwenye mnara alibaki na kampuni moja yenye sababu zote za kushusha seti moja ya vifaa. Halafu kuna lile la Machi 2025, wakati MTN na Airtel Africa zilipotangaza kushirikiana mitandao nchini Uganda na Nigeria. Walioshangilia walisema ni habari njema kwa mteja, na huenda ni kweli. Kwa mwenye mnara maana yake ni nyingine: kampuni mbili zikikubaliana kutumia redio, yaani mitambo ya mawimbi ya simu, na antena za mmoja wao, wapangaji wawili wanageuka kuwa mmoja. Kampuni yenye minara elfu nne itaumia kidogo na kujadiliana upya. Mwenye mnara mmoja amerudi kwenye asilimia 3.

Sasa wanaotetea ujenzi binafsi wana hoja zao, na hazilingani uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa, ni ile ya sheria. Wanasema kanuni za Tanzania za mwaka 2018 kuhusu kuchangia miundombinu zinazilazimisha kampuni za simu kutumia minara ya pamoja, kwa hiyo ukijenga wa kwako watalazimika kuja. Anayesema hivyo amechanganya pande za wajibu. Kanuni za kuchangia miundombinu zinamwelekea mwenye miundombinu: akiwa na nafasi, anapaswa kumfungulia mlango anayeomba, bila ubaguzi na kwa masharti ya haki. Hakuna mahali zinapoiamuru Vodacom kupanga kwako kwa sababu tu umejenga. Wajibu ukianza, utaanza kwako. Tena kabla ya wajibu huo kuna leseni. Mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, unatenganisha leseni ya miundombinu na leseni za huduma, na anayetaka kumiliki mnara wa kupangisha anaingia kwenye kundi la miundombinu. Huko mnara hauwi mali ya familia kama shamba la korosho. Ongeza cheti cha mazingira cha NEMC, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga inayohusu urefu, rangi nyekundu na nyeupe, na taa ya juu ambayo haitakiwi kuzimika usiku.

Hoja ya pili ina nyama kidogo. Wanasema mahitaji bado ni makubwa, na ushahidi ni mradi wa Mei 2023, pale Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote iliposaini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Kama minara inahitajika kwa wingi hivyo, kwa nini mwananchi asijenge? Jibu limo ndani ya mradi wenyewe. Gharama yote ilitajwa kuwa shilingi bilioni 265, na kati ya hizo Serikali ilitoa ruzuku ya bilioni 126, karibu nusu. Ukigawanya, ni wastani wa shilingi milioni 350 kwa mnara. Yaani kampuni za simu zenyewe, zenye wateja, masafa na mitaji, ziliziangalia kata zile na kusema bila kusaidiwa karibu nusu ya gharama hesabu haifungi. Maeneo ambayo hayana mnara leo, kwa sehemu kubwa, hayana kwa sababu hiyo, na hayakuwa yakimsubiri mtu mwenye moyo. Mjini nako mahitaji yapo, kwa kuwa data inakua na mitandao inahitaji kusogeleana, lakini mahitaji hayo ni ya mahali mahususi mno. Mhandisi wa redio anachora duara kwenye ramani na kusema nataka antena humu. Mjini duara hilo linaweza kuwa la mita mia chache. Kiwanja chako kikiwa nje ya hilo duara, hata kiwe na mwinuko na hati safi, kwake hakipo. Aliyejenga kabla ya duara kuchorwa amecheza bahati nasibu kwa zege.

Kuhusu setilaiti sitachukua muda mwingi. Desemba 2025 Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX ya kuleta huduma inayotoka angani moja kwa moja hadi kwenye simu ya kawaida. Haitaua minara ya mjini, ambako watu ni wengi na wanataka kasi. Inagusa zaidi pembezoni, ambako mwekezaji mdogo alidhani hatapata mshindani.

Hoja yenye nguvu kweli, na ambayo siwezi kuipuuza, ni ya umiliki. Fedha ya pango inatoka kwenye vocha ya mama anayeuza nyanya Kariakoo, inapita kwenye kampuni ya simu, inafika kwenye kampuni ya mnara, kisha inavuka bahari. Helios imeorodheshwa kwenye soko la hisa la London tangu 2019. Vodacom Tanzania imeorodheshwa Dar es Salaam tangu 2017. Kwa hiyo Mtanzania wa kawaida, kwa simu yake na dalali wa hisa, anaweza kununua kipande cha mpangaji, lakini kipande cha mwenye nyumba hakiuzwi hapa. Hili ni jambo la kuudhi, na wanaolisema hawakosei. Wanakosea dawa. Mnara mmoja wa mtu mmoja hauwezi kurekebisha hali hii, kwa sababu kilichozipa nguvu kampuni za minara ni wingi, na wingi ndio unaonunua kile mpangaji anachotaka.

Anachotaka ni kutosumbuka. Kampuni ya simu ina mkataba mama mmoja na kampuni ya minara, bei zimeshapangwa, na eneo jipya linaongezwa kwa oda ya ukurasa mmoja. Kumuingiza mwenye mnara mmoja kunahitaji wanasheria, ukaguzi wa nguzo na msingi, akaunti mpya, na mtu wa kumpigia usiku wa manane. Na usiku wa manane ndiko biashara hii inakofanyika. Mpangaji anataka umeme usikatike kwa kiwango cha asilimia 99.9 au zaidi ya hapo. Asilimia 99.9 inasikika kama maneno ya tangazo, lakini ukiipiga kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu kukatika kwa dakika 43 tu, kwa jumla. TANESCO wakikata saa mbili usiku wakarudisha saa tano, betri zako lazima zibebe, na zisipobeba jenereta liwake lenyewe, na jenereta likiwaka dizeli iwemo kwenye tenki na siyo kwenye dumu la mlinzi lililoko kwa jirani. Ukizidisha zile dakika, mkataba wa kawaida unakukata faini kwenye pango. Kampuni kubwa ina kituo kinachoona kila betri kwenye skrini, ina magari ya mafundi na ghala la vipuri kwa mikoa kadhaa, na gharama hizo zinagawanywa kwa maelfu ya minara. Wewe utazigawanya kwa mmoja.

Nisieleweke kwamba mdogo hawezi kabisa. Marekani kuna kampuni ndogo nyingi zilizokua kwa kujenga mnara mmoja baada ya mwingine. Ila utaratibu wao huanza na duara la mhandisi, ikifuata ardhi, ikifuata saini ya mpangaji, na zege ndiyo ya mwisho. Wengi hujenga kwa nia ya kuuza kwa mkubwa baada ya mpangaji wa pili kupanda. Mtu mwenye uzoefu wa kazi hizo hapa kwetu, aliyewahi kutafuta maeneo kwa niaba ya kampuni na anayejulikana na wahandisi, anaweza kufanya hivyo. Mstaafu mwenye mafao na kiwanja hawezi, na yule anayempigia simu kumwambia kiwanja chake kimechaguliwa, atume kwanza ada ya usajili, ni tapeli. India utapeli huo ulienea hadi mamlaka ya mawasiliano ya huko, TRAI, ikalazimika kuutahadharisha umma kwamba yenyewe haitoi barua zozote za kuruhusu minara kwenye viwanja vya watu.

Turudi chini, kwenye udongo. Huko Marekani, kampuni kubwa za minara zimekuwa zikitumia fedha nyingi kununua ardhi iliyo chini ya minara yao au kurefusha upangaji wake kwa miongo mingi. Hawana haja ya kulima. Wanajua kwamba mwenye ardhi akigoma siku mkataba unapoisha, kuhamisha mnara wenye wapangaji watatu ni janga. Wanaoijua biashara hii kuliko sisi wanaitafuta ardhi, na sisi wenye ardhi tunataka kuwaiga kwenye chuma!

Tatizo ni kwamba ardhi hiyo tunaipangisha kwa mikataba ya hovyo. Mwaka jana mzee mmoja wa nje kidogo ya mji wa Morogoro, mwalimu mstaafu, alinionyesha wa kwake. Ni kurasa sita za Kiingereza, ingawa pande zote mbili zilizungumza Kiswahili kuanzia siku ya kupima eneo hadi siku ya kusaini. Muda ni miaka kumi, na mwenye mnara anaweza kuongeza mingine kumi kwa barua. Pango ni la mwaka, kwa shilingi, na haliongezeki hadi huo muda wa kwanza uishe. Ukurasa wa nne una sentensi moja inayompa mwenye mnara haki ya kuweka vifaa vyake na vya wengine wowote bila malipo ya ziada. Tulitoka nje tukatazama juu. Kulikuwa na safu mbili za antena, za chini zikiwa mpya kabisa, na ndani ya uzio makabati mawili yenye nembo tofauti. Mpangaji wa pili, yule anayeleta faida yote, alishapanda. Mwalimu anaendelea kupokea kilekile cha mwaka wa kwanza, ambacho kimeshaliwa na bei za vitu, na kinachomfikia kimekatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.

Kwa mwenye ardhi, mapambano yako kwenye vifungu vichache tu. Pango lipande kila mwaka kwa asilimia iliyoandikwa. Hili lina uzito zaidi tangu kanuni za 2025 zilipozuia bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, maana kinga ya kuandika pango kwa dola haipo tena. Kila mpangaji anayeongezeka amletee mwenye ardhi nyongeza, hata ikiwa ndogo. Kurefusha muda kuhitaji makubaliano ya pande mbili. Mkataba ukiisha, aliyejenga ang'oe mnara pamoja na msingi wake, kwa sababu zege la mnara likibaki ardhini kiwanja hicho hakijengeki. Mwenza wa ndoa asaini pia, jambo ambalo Sheria ya Ardhi inalitaka kwa mali ya familia na ambalo likirukwa huja kuzua kesi kati ya watoto. Na nakala iwe ya Kiswahili. Mwanasheria wa kusoma kurasa sita ana gharama, lakini ni sehemu ndogo sana ya tofauti inayopatikana kwa miaka ishirini.

Vijiji vina nafasi nzuri kuliko mtu mmojammoja. Minara mingi ya ile 758 inaangukia kwenye ardhi za vijiji, ambako Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti. Serikali ya kijiji ikijua kwamba mpangaji wa pili ndiye mwenye faida, inaweza kuomba sehemu yake humo, au kuomba umeme wa ziada wa sola ya mnara uende kwenye zahanati. Ikishindwa kujua, itapokea bati za choo cha shule na kupiga picha. Halmashauri zina wanasheria wanaolipwa na umma, na sioni kwa nini wasiandae mkataba mmoja wa mfano ambao kila kijiji wilayani kinaanza nao mazungumzo.

Kuhusu umiliki wa minara yenyewe, njia iliyo wazi ni mitaji ya pamoja: mifuko ya pensheni, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hata SACCOS kubwa, zikinunua fungu la minara yenye mikataba tayari, au zikipewa hisa pale kampuni moja inapomuuzia nyingine. Mauzo ya Airtel ya 2021 yalipita mbele ya macho yetu. Mauzo ya Rwanda yanaonyesha kwamba minara hubadilishana mikono tena baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo nafasi nyingine itakuja, na maandalizi yake hufanywa na watu wa fedha kwa zaidi ya mwaka kabla ya tangazo.

Wakati huohuo, mikataba mingi ya ardhi iliyosainiwa wakati mitandao inaenea, miaka ishirini na zaidi iliyopita, imefika au inakaribia siku ya kurefushwa. Barua huja kama jambo dogo la utaratibu, na nafasi ya saini chini. Kabla ya kusaini, mwenye ardhi aandike barua yake kuuliza wako wapangaji wangapi juu ya mnara kwa sasa, kila mmoja alipanda lini, na kuna nafasi ya wangapi zaidi. Ajibiwe kwa maandishi, ndipo mazungumzo ya bei yaanze.